Nimeandika programu ya kuendesha vikoba. Naipelekaje Apache?

Swali: Habari za kazi, mkuu. Mimi ni mtengeneza programu, naishi Morogoro. Nimeandika programu ya kuendesha VICOBA: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, faini na mgawanyo wa mwisho wa mzunguko. Vikundi vichache vya mtaani kwetu vimeshaanza kuitumia. Nataka iwe programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, chini ya Apache, ile taasisi inayolea miradi ya namna hiyo, ili iaminike na watengeneza programu wengine waje tusaidiane. Niliwaandikia barua pepe ndefu (nimekuambatishia, pamoja na msimbo wenyewe), lakini jibu pekee nililopata ni kuulizwa kwa nini nisijiunge na Fineract. Nimekosea wapi, au ningengoja kwanza mpaka programu ikamilike? Halafu, nikiweka msimbo wangu wazi, si wataniibia?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Nianze na hilo swali ulilorudishiwa. Wewe umelichukulia kama umekataliwa. Aliyekuuliza alitaka kujua kama umewahi kuitazama Fineract, na barua yako haikumwonyesha.

Apache Fineract ni mfumo wa kuendesha taasisi ndogo za fedha. Asili yake ni mradi wa Mifos uliozaliwa ndani ya Grameen Foundation, shirika linalofuata nyayo za benki ya Grameen ya Bangladesh inayokopesha maskini kupitia vikundi. Msimbo wake uliingia Apache mwishoni mwa 2015, na mwaka 2017 ukawa mradi kamili. Ndani yake mna wateja, vikundi, akiba, mikopo, hisa na leja. Sasa fikiria mtu aliyeko Berlin au Bangalore, anayesoma barua kama yako usiku baada ya kazi inayomlipa mshahara. Anakutana na maneno "vikundi, hisa, mikopo", na kichwani mwake hiyo ni Fineract. Atajuaje kwamba unazungumzia kitu kingine?

Na ni kitu kingine kweli. Kwa mtindo wa Grameen fedha ni za taasisi: afisa mikopo anakuja kwenye kikundi, anakopesha, anakusanya marejesho, anarudi ofisini. Kikoba hakina afisa wala makao makuu. Fedha ni za wanachama wenyewe, na vikundi vingi huziweka kwenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Mwanachama ananunua hisa kikaoni, mkopo wake unapimwa kwa hisa zake, mara nyingi hauzidi mara tatu, mfuko wa jamii unawekwa kando kwa ajili ya misiba na wagonjwa, na mzunguko ukiisha watu wanagawana mpaka sanduku linabaki tupu. Mfumo wa kibenki haukujengwa ukitegemea siku ambayo taasisi nzima itajigawa yote na kesho yake ianze upya. Hesabu ya siku ile, pamoja na deni la yule ambaye hajamaliza kulipa, ndiyo kazi uliyoifanya wewe. Barua yako ina kurasa tatu. Siku ya kugawana imepata sentensi moja, tena katikati ya orodha ya vipengele, baada ya "inatuma ujumbe mfupi" na kabla ya "ina rangi za kuvutia".

Kosa lingine ni kwamba umeandika kama mtu anayeshindania zabuni. Umelisifu wazo, umetaja ukubwa wa soko la Afrika, umeahidi vipengele vya mwaka kesho. Jumuiya ya programu huria haina cha kununua kwako. Unachowaomba ni saa zao: wasome msimbo wako, wajibu malalamiko ya watumiaji, wazibe matundu ya usalama, na waendelee kufanya hivyo hata siku utakayopata kazi Dubai ukawa huna muda tena. Kwa hiyo anayesoma pendekezo lako anatafuta jambo moja kabla ya mengine yote: kitu hiki kitatunzwa na nani?

Apache wameyaona ya pande zote mbili. Desemba 2010 walipokea Google Wave, programu ya mawasiliano ambayo Google ilikuwa imeitangaza kwa vishindo mwaka mmoja kabla na kisha kuacha kuiendeleza. Jina kubwa, msimbo mwingi, wahandisi wa kiwango cha juu waliouandika. Ilikaa miaka saba kwenye uangalizi ambao kila mradi mpya huupitia kabla ya kuhitimu kuwa mradi kamili, wachangiaji wakipungua, mpaka Januari 2018 ikafungwa bila kuhitimu. Kafka, mfumo wa kusafirisha data nyingi kati ya programu, uliotoka kampuni ya LinkedIn, iliingia Julai 2011 na kufikia Oktoba 2012 ilikuwa mradi kamili. Ilipoanza haikuwa na jina kubwa nje ya kampuni ile. Ilichokuwa nacho ni watu waliobaki nayo kila siku, na wengine wa nje waliokuja kwa sababu walikuwa na tatizo lile lile.

Lango la kuingilia Apache linaitwa Incubator, nalo lina muundo wake wa pendekezo. Uutafute na uusome hata kama hutautumia mwaka huu, maana ni mtihani mzuri kwa mradi wowote, uwe wa Apache au wa kwako mwenyewe. Sehemu za mwanzo ni za kawaida: muhtasari, historia, sababu ya mradi kuwepo, malengo ya kwanza. Sehemu ninayoipenda ni ile ya hatari zinazojulikana. Hapo unatakiwa kujishtaki mwenyewe. Je, mradi unaweza kutelekezwa? Waandishi wake wamewahi kufanya kazi ya programu huria? Wote wanatoka sehemu moja? Wanategemea mshahara wa mwajiri mmoja ambaye akibadili mawazo kazi inasimama? Una uhusiano gani na miradi mingine iliyomo Apache? Na kuna moja ambayo kila nikiiona nacheka: je, mmevutiwa kupita kiasi na jina la Apache?

Jibu maswali hayo kwa barua yako ilivyo. Mwandishi ni mmoja. Hajawahi kuchangia mradi mwingine. Uhusiano na Fineract haukutajwa kabisa. Na sababu ya kwanza uliyotoa ya kutaka kuingia ni "ili iaminike", yaani jina. Mtu akisoma hivyo hana haja ya kufika ukurasa wa tatu. Wala usidhani dawa ni kuficha. Wasomaji wa mapendekezo haya wameshaona mengi, na anayeandika "tuko wawili tu, mmoja ni mwanafunzi, tunajua hiyo ni hatari na hivi ndivyo tunavyotafuta watu" anapata heshima kuliko anayejaza ukurasa kwa maneno ya matumaini.

Tena hakuna posa bila mshenga. Incubator inataka uwe na mwanachama au afisa wa Apache anayekubeba toka mwanzo na kukusaidia kuandaa pendekezo, pamoja na walezi, kwa kawaida watatu, watakaokaa na mradi mpaka uhitimu. Pendekezo linajadiliwa wazi kwenye orodha yao ya barua pepe, kisha linapigiwa kura kwa saa 72 na linahitaji angalau kura 3 za ndiyo kutoka kwa wenye kura inayohesabika. Hao watu hawapatikani kwa kuandikia anwani ya jumla kama ulivyofanya. Wanapatikana kwa kufanya nao kazi ndogo ndogo mpaka wakakujua kwa kazi yako. Na wa karibu kabisa na jambo lako wako wapi? Wako Fineract. Ndiyo maana nasema aliyekuuliza lile swali alikuelekeza pazuri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiende Incubator sasa. Kwanza weka msimbo wako wazi mahali pako mwenyewe, wenye leseni, wenye maelezo ambayo mtu mgeni anaweza kuyafuata akaiwasha programu kwenye kompyuta yake bila kukupigia simu. Kisha washa Fineract kwako, ujaribu kufanya ndani yake yale yanayofanywa na kikoba kimoja, mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Andika panapokwama. Huenda ukagundua kwamba nusu ya ulichojenga tayari kipo, na hilo litauma kidogo. Nusu inayobaki sasa itakuwa na ushahidi.

Ukishafika hapo, waandikie watu wa Fineract barua fupi. Iandike kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Wengi watakaoisoma nao Kiingereza si lugha ya mama zao, hakuna atakayekucheka. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Naunda programu ya vikundi vya akiba nchini Tanzania. Fedha zote ni za wanachama, na kila mwisho wa mzunguko wanagawana zote. Nimejaribu kutumia akaunti za hisa za Fineract. Kununua hisa kumekwenda sawa. Nimekwama kwenye kugawana. Mfano: kikundi kina hisa 100, kila moja shilingi 5,000. Mwisho wa mwaka mfuko una thamani ya shilingi 620,000: taslimu 570,000, na 50,000 bado ni deni la mwanachama mmoja. Hisa moja sasa ni 6,200. Huyo mwenye deni ana hisa 30, mgao wake ni 186,000, unakatwa deni, anaondoka na 136,000. Wengine wenye hisa 70 wanachukua 434,000. Taslimu inaisha, akaunti zote zinafungwa siku moja. Hatua nilizojaribu na nilipokwama nimeziandika hapa. Je, jambo hili linafaa kukaa ndani ya Fineract, au nilijenge pembeni nikitumia API yake?"

Basi. Hakuna soko la Afrika, hakuna sifa. Aliyeko Berlin anaweza kuipiga hiyo hesabu kwa kalamu na kukuta inafunga. Anajua umejaribu, anajua umekwama wapi, na swali la mwisho linajibika. Ukitaka kuonyesha kwamba hitaji si la mtaa wako tu, ongeza sentensi moja: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya aina hii kama daraja la nne la watoa huduma, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Sentensi moja inatosha.

Binafsi nadhani watakuambia ujenge pembeni, ukitumia hiyo API, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuzungumza na nyingine, na nadhani watakuwa sahihi. Fineract ni kitu kizito cha Java kinachotaka seva na kanzidata, na katibu wa kikoba ana simu ya shilingi laki moja na nusu na bando la wiki. Programu yako ikae kwenye simu, ifanye kazi hata mtandao ukikatika, na leja ikae nyuma. Lakini acha wao waseme. Mara nyingi katika mjadala kama huo anatokea mtu wa Uganda au Ufilipino anayesema "na sisi tunalihitaji", na huyo mtu mmoja ana thamani kubwa kwako kuliko kura zote za Incubator.

Umeuliza pia, japo kwa kupita, kama ungengoja mpaka programu ikamilike. Hapana. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo endeshi kama jambo la kujifurahisha. Alitaja vilivyokuwa vimeshafanya kazi, yaani bash na gcc, zana mbili za msingi za watengeneza programu, akasema wazi kwamba huenda usingekubali diski zozote isipokuwa za aina aliyokuwa nayo yeye, na akauliza watu wanapenda nini na wanachukia nini katika Minix. Kitu kidogo kinachowaka, mipaka yake iliyosemwa, na swali. Wazo lisilo na msimbo hata kidogo ni vigumu kulijadili, na msimbo uliokamilika kila pembe haumwachii mgeni pa kushika.

Sasa la kuibiwa. Wazo la kuendesha kikoba kwa simu si lako peke yako na halina ulinzi. Msimbo uliouandika una hakimiliki tangu ulipouandika. Ukiuweka wazi bila leseni, kisheria hakuna aliyeruhusiwa kuutumia, kwa hiyo hujaibiwa ila pia hujatoa kitu. Ukichagua Leseni ya Apache 2.0, yeyote anaweza kuuchukua, kuubadilisha, hata kuuza huduma juu yake, mradi aache taarifa za hakimiliki na aseme alichobadilisha. Kampuni ya simu inaweza kufanya hivyo kesho asubuhi. Kama hilo linakunyima usingizi, chagua GPL au AGPL, zinazomlazimisha anayesambaza programu aliyoibadilisha atoe msimbo wake pia, na AGPL inamgusa hata anayeitoa kama huduma ya mtandaoni. Lakini ujue ukifanya hivyo mlango wa Apache umejifunga, kwa sababu hawapokei miradi ya leseni hizo. Lazima uamue. Tena uamue kabla hujapata wachangiaji, maana baadaye itabidi umwombe ruhusa kila mmoja wao.

Na ukiingia Apache kabisa, kuna mambo mawili ambayo wengi hawaambiwi mapema. Jina la programu linakuwa la taasisi, si lako. Na maamuzi yanafanywa na kamati. Wewe mwanzilishi una sauti sawa na wenzako, na unaweza kushindwa kwa hoja katika kitu ulichokizaa. Kama hauko tayari kwa hilo, hakuna aibu kubaki na mradi wako nje. Programu ni huria kwa leseni yake, na hilo halihitaji kura ya mtu.

Leseni zina mtego mwingine uliojificha kwenye maktaba unazotumia, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu yako inautegemea. Nimeangalia faili lako la vitegemezi: risiti za PDF unazitoa kwa maktaba ya iText. Kuanzia toleo la 5, la mwaka 2009, iText iko chini ya AGPL, na msimbo wa namna hiyo hauruhusiwi ndani ya bidhaa ya Apache. Ibadilishe kwa PDFBox, ambayo ni ya Apache wenyewe; kwa risiti za nusu ukurasa haitakupa shida. Usidhani unaonewa: Fineract yenyewe ilipohamia Apache ilibidi iiache Hibernate, maktaba ya kuunganisha programu na kanzidata, kwa sababu wakati ule ilikuwa chini ya LGPL, leseni ya ukoo wa GPL, ikahamia OpenJPA inayofanya kazi hiyo hiyo. Ile ilikuwa kazi kubwa kuliko ya kwako mara nyingi.

Halafu, tafadhali, kabla hujabonyeza kitufe cha kuweka hazina ya msimbo wako wazi, fungua tena folda ya majaribio. Nimeona majina matatu matatu na namba za simu zinazoanza na 07 ambazo hazifanani na za kubuni. Kama ni wanachama wa kweli, kulifuta faili hakutoshi, kwa kuwa Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, inahifadhi historia yote na mtu atalikuta kwenye matoleo ya nyuma. Njia rahisi ni kuanzisha hazina mpya isiyo na historia ile. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo: madeni ya mama lishe wa mtaani kwenu hayana kazi mtandaoni. Na kama sehemu ya msimbo uliiandika kwenye muda wa ajira au kwa kompyuta ya ofisi, soma mkataba wako na upate ruhusa ya maandishi kwa mwajiri. Apache watakutaka usaini kwamba una haki ya kuutoa.

Ukimya nao usikukatishe tamaa haraka. Kimya cha wiki mbili kwenye mradi wa kujitolea mara nyingi maana yake watu wana kazi. Kumbusha mara moja, kwa adabu, ukiongeza kitu kipya ulichokipata, si kwa kuuliza "mmeona barua yangu?" Wakati unasubiri, rekebisha kasoro ndogo mbili tatu za Fineract, hata za maelezo ya usakinishaji, maana wewe ndiye umetoka kuyafuata na unajua yalipokudanganya.

Na wakikuchunguza, wakakataa mabadiliko yako, wakakutaka uyapunguze au uyaeleze upya, usiharakishe kusema ni kwa sababu unatoka Tanzania. Upo wakati hiyo ndiyo sababu, sitakudanganya. Lakini tangu Machi 2024 kila mtunzaji ana hofu yake. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia mradi wa xz, programu ya kubana mafaili inayotumika sana kwenye Linux, kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa hadi kupewa funguo, akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu tu kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta kutoka mbali, kwenye mashine yake kulikuwa kumechelewa kama nusu sekunde. Mtunzaji aliyekuwa peke yake na mradi ule alikuwa amechoka, na watu wasiojulikana walimshinikiza akubali msaidizi. Ndiyo maana leo mgeni mwenye haraka anatiliwa shaka kuliko mgeni asiyejua sana.

Kazi kubwa iliyobaki kwako iko Morogoro hapo hapo. Unahitaji mtu wa pili anayeweza kutoa toleo jipya ukiwa umelazwa. Kwenye vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe kuna wanafunzi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Mpe mmoja ile hesabu ya kugawana aiandikie majaribio, umkatalie mambo kwa maandishi, naye akukatalie kwa maandishi, pale pale penye msimbo ambapo kila mtu anaona, si kwenye WhatsApp. Mkishakuwa watatu, na angalau mmoja hatoki mtaani kwenu, na watu wa Fineract wanayajua majina yenu bila kukumbushwa, niandikie tena tukae na ile fomu ya Incubator. Tutaanza kuijaza na sehemu ya hatari.